Nilimwambia nimeota, kumbe nilisoma simu yake

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina mume na watoto wawili, nauza vitenge na mashuka Mwanjelwa hapa Mbeya. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, ana miaka 26. Yeye anaishi Makambako. Naomba usitaje jina langu, na ukiona kuna kitu kinaweza kumfanya mtu atutambue, kibadilishe.

Mdogo wangu alikuwa anafanya biashara ya viazi. Ananunua kwa wakulima vijijini, anachangia lori na wenzake, mzigo unashuka Dar. Mwaka jana mwishoni lori liliharibika njiani, viazi vikaoza, na vile vilivyofika vikakuta bei imeanguka. Mtaji nao haukuwa wake wote. Alikuwa amekopa kwenye zile programu za mikopo za simu, moja akailipa kwa kukopa nyingine, mpaka zikafika nne. Siku ya marejesho ilipopita wakaanza kutuma meseji kwa watu wote waliomo kwenye simu yake, pamoja na picha yake, kwamba huyu ni tapeli. Mimi niliipata. Mchungaji wake aliipata. Baba wa binti aliyetaka kumposa naye aliipata.

Mwezi wa sita mwaka huu alijaribu kujiua. Mungu ni mkubwa, mwenye nyumba alimwahi, akapelekwa hospitali. Nilifika na basi la asubuhi nikamkuta ana dripu, amegeukia ukutani, hataki kuniangalia. Sisi ndugu tulisema ni ajali, kwa sababu tuliambiwa polisi wakijua atashtakiwa. Siku ya tatu akaruhusiwa. Alipewa dawa na tarehe ya kurudi. Akasema hatarudi, na kweli hakurudi. Mama yetu kule kijijini hajui mpaka leo.

Sasa ndipo lilipo kosa langu, kama ni kosa. Alipokuwa amelala wodini mimi ndiye niliyeshika simu yake naichaji. Namba yake ya siri naijua, ni mwaka aliozaliwa mama. Nikachukua simu yangu ndogo ya dukani nikaiunganisha na WhatsApp yake. Haikuchukua hata dakika mbili. Tangu siku hiyo kila anachoandika nakiona. Nimejifunza kutofungua meseji ambayo yeye hajaifungua, maana tiki zitageuka bluu na aliyemtumia atajua imesomwa. Ile simu nalala nayo chini ya mto.

Mama, kuna sehemu anajiandikia mwenyewe, kama daftari. Hamtumii mtu. "Leo nimelala saa nne mpaka saa kumi." "Ugali na dagaa, nimemaliza." "Leo sijalia." Nasoma hivyo vimistari nikiwa dukani, mteja anauliza bei ya kitenge mimi simsikii.

Usiku mmoja wa mwezi wa kumi, saa saba na dakika kumi, aliandika kwamba amechoka na kwamba mama atamsamehe. Nikampigia, haipokelewi. Nikampigia tena na tena. Nikampigia kijana wa bodaboda anayepanga jirani naye, ambaye namba yake niliichukua siku za hospitali. Yule kijana aliamka, na upepo wa Makambako unaujua ulivyo, akaenda kugonga mpaka mlango ukafunguliwa. Akamchukua chumbani kwake. Saa tisa akanipigia: "Yupo, dada. Tunakunywa chai."

Asubuhi mdogo wangu akanipigia mwenyewe. Hata salamu hakunipa. "Dada, ulijuaje?" Mdomo wangu ukasema, "Niliota." Nikaongeza na mengine, kwamba nimemwona amesimama kwenye upepo ananiita. Akalia sana. Jumapili ile alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amempa dada yake ndoto. Tangu hapo anakula, anaenda ibada, ameanza kubeba mizigo stendi apate chochote. Wiki mbili zilizopita aliniambia, "Dada, sasa siogopi. Najua nikizidiwa utaniota."

Mama, tangu aniambie hivyo silali kabisa. Mume wangu ameona ninavyoificha ile simu, amenituhumu nina mwanaume. Mtoto wa shemeji yangu anayesoma chuo hapa Mbeya ananiambia mdogo wangu akiingia tu kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa ataiona simu yangu pale. Anasema niachane nayo, siku hizi kuna akili mnemba inayosoma anachoandika mtu ikajua kama anataka kujiua, na kuna nyingine ambayo mtu anazungumza nayo usiku kama rafiki, nimwekee hizo.

Niendelee kumsoma kimya kimya? Nikate? Nimwambie ukweli, na ile ndoto inayomshikilia nimnyang'anye? Kama nisingekuwa nasoma, leo tungekuwa tunazungumza habari ya kaburi.

Dada Mkubwa, Mbeya

*

Marahaba mwanangu,

Pole. Nakupa pole ya miezi mitano ya kulala jicho moja likiwa wazi, na pole nyingine ya kuibeba peke yako huku ukishukiwa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mpelekee na mdogo wako pole yangu kimoyomoyo, kwa kuwa yeye hawezi kujua kuwa nimeisoma habari yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza juu ya simu, lakini naona siri ziko mbili, na moja imezaa mwenzake. Ya kwanza ni kwamba unamsoma. Ya pili ni ndoto ambayo hukuiota. Nadhani hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi, nami nitaifikia. Kwanza naomba turudi kidogo kwenye usiku ule wa mwezi wa kumi.

Unasema simu ndiyo iliyomwokoa. Sikatai kwamba uliyaona yale maneno kwa sababu ya ile simu, na yeyote atakayekuambia ulifanya kosa kuamka usiku ule hajawahi kuwa na ndugu. Lakini hebu uutazame upya. Ungekuwa umepitiwa na usingizi, lile neno lingekaa pale mpaka asubuhi. Kilichofanya kazi ni kwamba ulikuwa macho, ulikuwa na namba ya jirani, na jirani alikubali kutoka kitandani kwenye baridi akaenda kugonga, kisha hakumwacha peke yake. Chai ile ya saa tisa usiku ni sehemu ya matibabu, mwanangu. Msukumo wa kutaka kufa mara nyingi huja kama wimbi, unapanda na kushuka, na mtu akipata wa kukaa naye mpaka lishuke, anavuka.

Kuna kingine. Kati ya mwezi wa sita na wa kumi aliandika jambo la kutisha mara moja tu. Usidhani usiku mwingine wote ulikuwa shwari. Wengi wanaoumia hawaandiki popote. Ukimya kwenye ile simu ndogo unaweza kukupa amani ya uongo, kama vile kelele zake zinavyokunyima usingizi. Na yeye akishuku tu kwamba anasomwa, hataacha kuumia. Ataacha kuandika, na lile daftari linaonekana linamsaidia kujipima mwenyewe, leo nimelala, leo nimekula.

Naomba uniruhusu niguse hospitali, ingawa hukuuliza. Mlisema ni ajali mkiogopa polisi, na woga wenu haukutoka hewani. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Wenzetu Ghana walilifuta kosa hilo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha aina hiyo katika sheria yao kinakwenda kinyume na katiba. Huku kwetu bado, na mimi ninaamini woga huu unatugharimu watu. Kwa sababu daktari akiambiwa ajali, anatibu ajali. Ndiyo maana mdogo wako aliruhusiwa siku ya tatu na hakuna aliyekaa naye kumuuliza moyo umefikaje pale. Sikulaumu. Nataka tu uone kwamba mlango wa matibabu ya akili hajaukataa bado, kwa kuwa haujafunguliwa mbele yake hata mara moja. Muulizie kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au mlete huku kwenu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ina idara hiyo. Mhudumu wa afya ana wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa. Mwambieni ukweli.

Wala msione kwamba hili ni doa la ukoo wenu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 727,000 walikufa kwa kujiua duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Ni watu wa kila dini na kila kabila.

Sasa tuje kwenye simu. Naona simu inaweza kuwa jicho, na inaweza kuwa mkono. Wewe umeitumia kama jicho. Jicho linaona, lakini anayetazamwa halimpi kitu. Hebu nikueleze habari ya mkono.

Kule San Francisco, kuanzia mwaka 1969, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Jerome Motto aliwafuatilia wagonjwa waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya sonona au kutaka kujiua, na ambao baada ya kuruhusiwa walikataa kuendelea na matibabu. Yaani hasa watu wa mfano wa mdogo wako, wale wa "sitarudi". Walikuwa 843. Wakagawanywa makundi mawili. Kundi moja halikuandikiwa kitu. La pili likawa linapokea barua fupi, za mistari michache, mara 24 kwa miaka mitano. Barua zile hazikudai chochote. Hazikuuliza unakunywa dawa, hazikumwonya mtu, hazikumkumbusha tarehe ya kliniki. Zilisema tu kwamba tunakukumbuka, tunatumaini u mzima, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Waliojiua wakawa wachache zaidi katika kundi la barua, hasa katika ile miaka miwili ya mwanzo.

Mwaka 2008 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Baadhi walipata matibabu ya kawaida peke yake. Wengine wakaongezewa mazungumzo ya kama saa moja, halafu wakatafutwa mara tisa ndani ya miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa. Katika waliotibiwa kawaida, asilimia 2.2 walijiua katika kipindi hicho. Katika waliotafutwa, asilimia 0.2. Sikuuzii hii kama dawa ya uhakika, maana tafiti nyingine za meseji zilizofuata hazikuona tofauti kubwa namna hiyo. Lakini angalia kilichokuwemo. Hakuna aliyesomewa meseji zake. Walitafutwa, na wakajua wanatafutwa.

Wewe nawe unaweza kumtafuta. Mpigie siku ambayo hakuna tatizo. Mtumie picha ya mpwa wake aliyelala na sare za shule. Mwambie "Kamwene" tu asubuhi, kama mnavyosalimiana nyumbani, na asipojibu usimfuate na "mbona kimya?" Mruhusu apokee bila kudaiwa. Kijana huyu mwaka mzima simu yake ikiita ni mtu anadai. Na hao wa mikopo, naomba mkaangalie kama wana leseni kabla hamjalipa hata senti nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuyapiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Kaa naye siku moja na kalamu, mwandike deni moja moja na la nani. Mkopo wa kausha damu haulipiki kwa mkopo mwingine wa kausha damu.

Halafu kuna kubip. Usidharau. Mtu aliyezidiwa usiku hana nguvu ya kutunga sentensi, pengine hana bando wala salio. Mnaweza kukubaliana kwamba akikubip mara mbili mfululizo baada ya saa nne usiku, maana yake ni "niko vibaya", na wewe utapiga bila kuuliza kwa nini. Usipopokea wewe, anambip yule jirani. Hilo ni jepesi, halina gharama, na muhimu kuliko yote, yeye ndiye anayeamua kukuita.

Wataalamu wana kitu wanakiita mpango wa usalama, uliotengenezwa na Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani, na sasa unatumika sehemu nyingi. Ni karatasi moja, au ukurasa mmoja kwenye simu, anaouandika mwenyewe mhusika akiwa ametulia: dalili zinazomwonyesha kwamba wimbi linakuja, anachoweza kufanya peke yake kujituliza, mahali pa kwenda penye watu, ndugu na rafiki wa kuwaita, wahudumu wa afya, na namna ya kuviweka mbali vitu vinavyoweza kumdhuru. Hilo la mwisho lifanyeni mapema, hata kabla ya karatasi. Mahali anapoishi pasiwe na vitu vya hatari, na kama ni lazima viwepo kwa kazi za shamba, vifungiwe kufuli na ufunguo akae nao mwingine. Lile daftari lake la WhatsApp linaweza kuwa ndiyo nyumba ya mpango huo. Ila nani mwingine alisome, hilo aseme mwenyewe.

Akili mnemba anayoisema yule mtoto wa shemeji yako ipo kweli. Facebook tangu mwaka 2017 wanatumia mashine kutafuta machapisho ya mtu anayeonekana yuko hatarini. Lakini meseji za WhatsApp zimefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haizisomi, kwa hiyo usitegemee kuna mashine inayomtazama kule. Na zile za kuzungumza nazo, mtu anaweza kupata faraja ya dakika kumi, sitamkataza. Ila haiwezi kutoka nje kwenye upepo ikagonga mlango. Isiwe ndiyo peke yake.

Sasa tuzungumze njia zako, mwanangu, na kila moja ina mwiba wake.

Ukiendelea kimya kimya, utabaki na dirisha. Lakini mtoto wa shemeji yako amesema kweli, simu yako inaonekana kwenye orodha ile, na akiigundua mwenyewe, usiku, akiwa peke yake na hali yake mbaya, atakachokiona si dada anayempenda. Ataona kwamba hata mahali alipokuwa anajinong'onezea palikuwa na mtu. Alishawahi kuvuliwa nguo mbele za watu kupitia simu hiyohiyo.

Ukikata kimya kimya, utapumua, na heshima yake ya faragha itarudi bila yeye kujua iliondoka. Wapo watakaokushauri hivyo. Wasiwasi wangu ni kukata kabla hujajenga kingine. Kama ndiyo njia utakayoichagua, tanguliza kubip, jirani na hospitali, ndipo ukate.

Ukimwambia, unaweza kumkasirisha na akakununia miezi. Anaweza pia kunyamaza kwa namna inayotisha zaidi kuliko hasira. Kwa hiyo kama utamwambia, usimwambie kwa simu wala kwa meseji. Nenda Makambako, mchana, siku ambayo utalala huko. Jirani ajue upo. Ikiwezekana awe ameshaonana na mhudumu wa afya hata mara moja. Usianze na "niliunganisha simu yako". Anza na wodi ile, yeye amegeukia ukutani, na wewe umekaa pale na simu mbili mkononi hujui la kufanya. Halafu mwachie aamue: iondolewe mbele ya macho yake, au ibaki kwa makubaliano kwa muda mtakaoutaja. Wapo wanaosema "acha, iwepo". Kuangaliwa ukijua si sawa na kuviziwa.

Na hapo hapo unaweza kumuuliza swali ambalo naona hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mdogo wangu, siku hizi bado unafikiria kujiua?" Kwa maneno hayohayo. Najua tunaogopa kwamba ni kumtia wazo kichwani. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo, na wengi huona wametuliwa mzigo.

Nimefika kwenye ndoto. Siidharau, na sitakuita mwongo. Uliulizwa swali asubuhi baada ya usiku ule, mdomo ukakimbilia mahali salama. Umeniuliza kama utamnyang'anya kinachomshikilia. Mimi nakurudishia swali: anachokishikilia ni nini hasa? Inawezekana ni ndoto. Inawezekana ni kule kujua kwamba saa saba ya usiku kuna mtu aliamka kwa ajili yake. Hilo la pili ni kweli tupu, na halibadiliki hata ndoto ikiondoka. Imani yake mimi siwezi kuipima nikiwa hapa. Anaweza kukuambia kwamba Mungu alipita kwenye simu badala ya kupita kwenye ndoto, na nani atambishia?

Kinachonitisha ni yale maneno yake: "Najua nikizidiwa utaniota." Umeyasikia vizuri? Anasema hana haja ya kukuita. Sasa fikiria usiku atakaozidiwa na wewe hukuota. Simu yako imezima, au WhatsApp imejikata, maana simu yake ikikaa siku 14 bila kutumika, vifaa vilivyounganishwa hutoka vyenyewe. Atasubiri mlango ugongwe. Usipogongwa, atafikiri nini kuhusu dada yake, na kuhusu Mungu wake? Naogopa ndoto ile imemfundisha kusubiri, badala ya kunyoosha mkono. Kwa hiyo hata kama hutamwambia ukweli wa simu mwezi huu, neno moja unaweza kumwambia wiki hii bila kuvunja chochote: "Mdogo wangu, mimi si kila siku naota. Usinisubiri niote. Nibip."

Mumeo mwambie leo. Yeye anadhani ana mwenzake wa kumshindania, kumbe ana mke aliyechoka, na nyumba yenye watu wawili wanaojua inaweza kupokezana zamu. Wewe pia unahitaji mtu wa kuzungumza naye. Ukienda hospitali kumuulizia mdogo wako, jiulizie na wewe. Kwa maelekezo ya afya, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo, na kama kuna mtoto au kijana chini ya miaka 18 nyumbani aliyeathirika na haya, 116 ni yao. Ukiona hatari ya papo hapo, usitafute namba: mpigie aliye karibu naye, afike, asimwache, na wamfikishe hospitali.

Mama yenu nimemwacha makusudi. Hilo mlizungumze ninyi wawili, wewe na mdogo wako, siku akiwa na nguvu.

Niandikie tena, hata kama utakuwa umechagua tofauti na nilivyoelekea. Na jioni ya leo ukifunga duka, kabla hujaishika ile simu ndogo, chukua ile kubwa umpigie. Muulize kama mvua imeshaanza Makambako.

Mama yako wa safu hii